Nilivyogeuka mtu wa kufunga kwenye field ya social work Bwera

Wakuu, salaam kutoka Kasese.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Huku tuna ziwa zima la chumvi lakini sijaongeza hata punje. Kiswahili changu nimekiokota kambini, baba alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo mnivumilie.

Nilikuwa nasomea social work. Ikafika zamu ya field, nikapangiwa Bwera, kwenye kaofisi kanakoshughulika na watoto walioacha shule. Nilipouliza habari ya posho nikaambiwa hakuna. Na kwa sababu Uganda posho ni ugali pia, nilikosa zote mbili.

Baba alijikaza akanilipia kachumba. Chakula akaniambia nitajua mbele ya safari.

Sasa pale ofisini wafanyakazi walikuwa wanachanga chakula cha mchana, anapika dada mmoja anaitwa Biira. Mimi sina cha kuchanga. Siku ya kwanza mkubwa wa ofisi, mzee mmoja mpole sana, akaniita mezani. Aibu ikanishika, nikasema nimefunga.

Wakuu, neno likitoka halirudi.

Mzee alifurahi kupita kiasi. Kesho yake nikapewa kuongoza maombi ya asubuhi. Wiki iliyofuata akaniomba niliombee goti la mke wake. Mimi naomba huku nasikia harufu ya maharage ya Biira, machozi yananitoka, wao wanadhani ni Roho.

Ikabidi nitafute njia. Siku za soko nilikuwa naamkia Mpondwe, soko la mpakani na Kongo, natembelea mapema familia nilizopangiwa na ofisi, halafu nabeba mizigo mpaka saa za ofisi. Kulikuwa na mama mmoja Mkongo, muuza vitenge, akipata mteja ananiita: "Wee mutoto ya masomo, kuya beba!"

Siku moja akanipa mteja mama wa heshima, miwani, Kiswahili cha kuungaunga. Nikabeba vitenge vyake, nanasi, na dumu la mawese begani. Dumu likawa linavuja, mimi nasonga tu.

Njiani akanitazama, akasema, "Wewe iko mwembamba sana. Umekula?"

Nikahamishia dumu bega la pili. Akaniketisha kwa mama ntilie, akaninunulia bundu na samaki. Bundu ni ule ugali wetu wa muhogo, ukishuka tumboni unakaa kama mpangaji. Nilikula bila kuinua kichwa.

Tulipofika stendi ya boda akanilipa, halafu akaniuliza kama naijua ofisi fulani ya watoto kule Bwera. Anaenda kumkagua mwanafunzi wake, anaitwa Bwambale.

Huku ukiita Bwambale nusu ya soko itageuka. Lakini Bwambale wa ofisi ile ni mmoja tu, na ndiye alikuwa amembebea nanasi.

Huyo ndiye lecturer ambaye angeamua kama nimefaulu au narudia. Hatukuwahi kuonana, alikuwa mgeni chuoni.

Nikamwelekeza vizuri, kwa barabara kubwa. Mimi nikakodi boda yangu, tukapita njia za mashambani, malipo yote ya asubuhi yakaishia hapo. Nikanawa uso kwenye tanki la ofisi, nikavaa shati safi na tai. Shingo sikuiona, bado ilikuwa nyekundu kwa mawese.

Madam akaingia. Mzee akanisimamisha mbele yake.

"Madam, huyu ni kijana wa maombi. Tangu afike hapa, mchana hali kitu. Anafunga."

Madam akaniangalia uso, akaniangalia shingo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Leo amefungua mapema," akasema. "Mimi mwenyewe nimemnunulia bundu na samaki."

Huko jikoni nikasikia Biira anaangusha sufuria.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema yote, tangu siku ya kwanza. Mzee akavuta kiti akaketi, nikajua field imeisha.

"Na goti la mke wangu?"

"Mzee, kuomba niliomba kweli. Mtu mwenye njaa haombi kwa mchezo."

Madam ndiye alicheka kwanza. Mzee akajitahidi kukaza uso, akashindwa. Halafu akaita Biira alete sahani, na ingawa bundu ilikuwa bado imenijaa hadi kifuani, nilikula ile sahani yote. Ningekataaje?

Kuanzia siku hiyo nilikula na wenzangu bila kuchanga, mpaka nikamaliza. Soko sikuacha, ila nilikwenda kwa ruhusa. Madam alinifaulisha, na aliporudi chuoni alilipeleka suala la chakula cha wanafunzi kwenye kikao. Bado wanalijadili.

Nilichojifunza: ukiwa na njaa, sema mapema. Ile aibu niliyoikwepa siku ya kwanza niliilipa yote siku moja, mbele ya watu. Na wakubwa wa vyuo wajue kwamba tunafundishwa kuhudumia familia zisizo na chakula, na wengine tunafika kwao tukiwa hatujala.

Haya, mliopita field bila kulipwa, mliishi vipi? Semeni ukweli, maana dada yangu mdogo amepangiwa Kitswamba muhula huu na nimemwambia aje asome majibu hapa.