Wimbo wa Nne Ukilia Kawajense

Mjini Mpanda watu wengi wanaijua sauti ya Kasimiri kuliko sura yake. Kwa miaka tisa ameendesha bajaji ya matangazo, yenye spika mbili zilizofungwa kwa waya juu ya paa, akipita Makanyagio, Nsemulwa na mitaa yote ya Kawajense anakoishi. Chanjo ya ng'ombe, mechi ya mpira, mkutano wa mtaa, mtoto aliyepotelea sokoni, yote hupitia kinywani mwake. Ni mtu mfupi, mpole, mzaliwa wa Mpimbwe, na akishazima kipaza sauti huongea taratibu mno, mpaka unalazimika kumwinamia ili umsikie.

Matangazo ya kawaida huyatanguliza kwa bongo fleva. Ya misiba ana wimbo mmoja tu, na wimbo huo aliupata kwa mdogo wake, Simon.

Simon alikuwa mtu wa filamu. Miaka sita iliyopita, katika kibanda cha video cha Makanyagio, aliangalia filamu ya shujaa mmoja mwenye nguvu za ajabu, anayeruka angani na kusimamisha treni kwa mikono. Ilipofika mahali shujaa ameangukiwa na jengo zima, umeme ukakatika. Haukurudi siku mbili, na mwenye kibanda hakuirudia tena filamu ile. Simon hakutulia. Alitafuta mpaka akapata mnadani albamu ya nyimbo za filamu hiyo, CD ya muziki wa roki iliyopasuka kasha, nyimbo kumi na mbili, magitaa yanayokwaruza kama bati linaloburutwa kwenye mawe. Nyumba nzima ilimlalamikia. Yeye alikuwa akitabasamu tu.

"Sikiliza huu wa nne, kaka," alimwambia Kasimiri. "Ndio uliokuwa unapigwa umeme ulipokatika. Mwanzo gitaa linalia peke yake. Hapo yuko chini ya vifusi, wanamtafuta. Sasa sikia ngoma zinavyoingia! Hapo anainuka."

"Umeona wapi kwamba anainuka?"

"Sijaona. Lakini we kaka, mtu aliyekufa anapigiwa ngoma namna hiyo?"

Kasimiri hakuzijali ngoma. Alichopenda ni ule mwanzo, gitaa moja linalolia polepole kama mwanamke aliyelia mpaka sauti imekauka. Alipopewa tangazo la kifo cha mwalimu mmoja mstaafu, aliuhamishia kwenye flashi, akaupiga, na akaukata kabla ngoma hazijaingia. Familia ilimshukuru. Msiba uliofuata akaupiga tena, na uliofuata pia. Haukupita mwaka, mji mzima ukawa umejifunza. Gitaa likianza tu, wanawake wanaepua vyungu na kutafuta kanga, wanaume wanatafuta majembe, na ndipo wanauliza ni nani. Watoto wa shule waliubatiza wimbo wa marehemu.

"Umeniulia shujaa wangu," Simon alikuwa akimtania. "Nitakushtaki."

Mwaka huu, baada ya kuvuna mpunga, Simon alikwenda ziwani, Ikola, kuvua dagaa. Jumatatu moja ya mwezi Juni upepo ukaupindua mtumbwi wao. Wenzake wawili walishikilia dumu tupu wakafika nchi kavu. Simon hakuonekana.

Simu ilipofika, mama yao, Pudensiana, alikuwa anapepeta mchele uani kwa Kasimiri. Hakuweka ungo chini.

"Nani kamwona amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Wanamtafuta."

"Basi asilie mtu hapa nyumbani. Mkianza kulia huku, na kule wataacha kutafuta. Niahidi, Kasimiri."

Kasimiri aliahidi. Siku zilizofuata alikula akiwa amesimama, simu mkononi. Mama yake aliendelea kumtengea Simon chakula, na hakuna aliyethubutu kukila. Alhamisi asubuhi mwenye mtumbwi alipiga simu akasema vijana wake wamechoka, lakini wako tayari kutafuta hadi Jumamosi kama watapatikana watu wa kuwasaidia huko pwani ya ziwa. Kasimiri akapata wazo. Mpanda kuna wafanyabiashara wa dagaa, kuna madereva, kuna watu wenye ndugu kutoka Ikola mpaka Karema. Angewatangazia wote. Mama akakubali.

Akawa anatafuta muziki wa kutanguliza. Bongo fleva ilikuwa matusi. Akafikiri mdogo wake angependa nini, na jibu likaja lenyewe. Aliuweka wimbo wa nne, na safari hii hakuukata. Aliuacha mpaka mwisho, pamoja na ngoma zake, ndipo akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, anatafutwa Simon, mtoto wa mama Pudensiana wa Kawajense. Alipotea ziwani Ikola siku ya Jumatatu. Mwenye ndugu pwani ya ziwa, tafadhali ampigie simu. Anatafutwa. Narudia, anatafutwa."

Alizunguka kwa saa tatu. Aliona wanaume wakivua kofia, akaona mwanamke mmoja Nsemulwa akishika kichwa kwa mikono miwili. Moyo wake ukapata nguvu. Alidhani mji umeguswa na utasaidia kutafuta.

Aliporudi mchana alikuta mabenchi ya kanisa la kigango yamepangwa uani kwake. Mafiga matatu makubwa yamewekwa, moto unawaka, na mfuko wa sembe umeegemezwa ukutani. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuwa wameketi kwenye mikeka, kanga viunoni. Mama yake alikuwa mlangoni na ungo wake, akimwambia kila aliyeingia, "Karibu, mama. Hapa hakuna msiba. Karibu ukae."

Kasimiri alimwendea Agatha, mwenyekiti wa jumuiya.

"Mama Agatha, nyie mmekuja kufanya nini?"

"Pole, baba. Tumesikia."

"Mmesikia nini? Nimesema anatafutwa!"

Agatha alimtazama kwa huruma. "Baba, gitaa lilikuwa linalia. Lililia kwa mume wangu, lililia kwa Severine wa kona. Kabla hujafika kwenye maneno tulikuwa tumeshazima majiko."

"Basi nendeni nyumbani. Naomba."

"Watu wametoka mashambani, Kasimiri. Tuwaambie nini? Kwamba wimbo umekosea?"

Kabla hajajibu, simu ililia. Alikuwa mwenye mtumbwi.

"Pole sana, ndugu yangu," sauti ilisema. "Dereva mmoja kutoka huko amempigia mke wake hapa, kasema msiba umeanza. Nimewaita vijana wamerudi. Ni vizuri mmeamua. Ziwa hili, mtu akishapitisha siku ya tatu..."

"Hatujaamua!" Kasimiri alisema. "Warudishe. Tafadhali, warudishe ziwani."

"Nyinyi wenyewe mmeshaanza kumlilia, ndugu yangu. Mimi vijana nitawaambia nini?"

Wakati huohuo Mwandu aliingia. Alikuwa Msukuma, jirani mwenye ng'ombe wengi, na mtani wa familia tangu enzi za baba yao. Kazi ya mtani msibani inajulikana: kumwigiza marehemu na kuchekesha watu, mpaka wafiwa wakubali kumlipa haki yake. Alikuwa amevaa koti la mvua la Simon alilolitoa kwenye kamba, ameshika jembe kama gitaa, anaimba puani.

"Nyiiii! Nyiiii! Mimi Simon, shujaa wa Wapimbwe! Nimepigana na treni, nimekuja kushindwa na dagaa!"

Mikekani, mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Mwingine akafuata. Mwandu akajiangusha chali katikati ya ua, akafumba macho, mikono kifuani.

"Siamki mpaka wafiwa wanipe haki yangu," alisema bila kufumbua macho. "Mnataka nioze hapa?"

Kasimiri alimshika ukosi wa koti. "Inuka, Mwandu! Hapa hakuna mfiwa!"

Mwandu hakuinuka. Mtani haondolewi kwa mikono, na Kasimiri alilijua hilo tangu utotoni. Alimgeukia mama yake, akiomba moyoni kwamba amfukuze mtu huyu kwa ufagio. Mama alikuwa anamtazama yeye.

"Nani kapiga simu?"

"Ni wa Ikola, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. "Wamesikia tunalia. Wamerudi nchi kavu."

Pudensiana aliweka ungo chini. Aliingia jikoni, akakaa huko kitambo, akatoka na jogoo amemshika miguu. Alitembea mpaka katikati ya ua.

"Mama, usimpe," Kasimiri alisema. "Bado siku mbili. Nitakwenda mwenyewe."

"Utakwenda," mama alisema. "Utakwenda kumleta." Akamwinamia Mwandu, akamwekea jogoo kifuani. "Mtani, haki yako hiyo. Sasa vua koti la mwanangu."

Mwandu aliinuka bila kucheka, akalivua, akalikunja vizuri na kumpa. Agatha akasogea kwenye mkeka. Pudensiana akaketi, koti mapajani, na sauti iliyotoka kwake ikawafanya wanawake wote wainamishe vichwa kabla hawajaipokea.

Kasimiri alibaki amesimama kando ya bajaji. Hakuna aliyemlaumu. Mtu mmoja alimletea kiti.