Nilipiga Tena Magoti, Sasa Mama Mkwe Kaacha Dawa

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana mawifi zangu wote wako humu na wanasoma mpaka maoni.

Nina miaka arobaini na tisa, mama wa watoto wanne, naishi Magole. Ukoo wa mume wangu ulihamia huku kutoka kanda ya ziwa, wakaja na ng'ombe wao na mila zao. Kwetu mke wa mtoto hamwamkii mama mkwe akiwa amesimama. Unapiga magoti yote mawili, unasema "Shikamoo mama," unangoja aitikie. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita, hata mimba zikiwa za miezi tisa.

Mwaka jana mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi, mdomo ukaenda upande, kisha vikarudi. Hospitali wakasema ni kiharusi kidogo, mafuta yamezidi kwenye damu. Nikapewa vidonge vya kushusha kolestro, nimeze kila siku bila kuacha. Wiki chache baadaye mapaja yakaanza kuuma kama nimelima ekari nzima peke yangu. Nikipiga magoti, siinuki mpaka nishike mlango. Siku moja nikamwamkia mama mkwe nikiwa nimeinama tu. Hakuitikia, akaendelea kuchambua mboga.

Jioni mume wangu akaniambia, "Mama anasema umeota kiburi." Nikamweleza kuhusu miguu. Akasema, "Mbona shambani unashinda?" Kauli hiyo iliniuma kuliko mapaja.

Hapo ndipo nikafanya ujinga. Badala ya kurudi kwa daktari nikamweleza, niliacha vidonge kimyakimya. Mume wangu hukagua pakiti, kwa hiyo kila asubuhi nilitoa kimoja nikakifukia chini ya mgomba. Baada ya muda miguu ikawa myepesi. Nikaenda kwa mama mkwe, nikapiga magoti. Akaitikia, "Marahaba mwanangu," akanishika kichwa, akalia. Kumbe mume wangu alishamweleza kuhusu miguu, naye alikuwa anafunga na kuniombea nipone.

Akaniuliza, "Na zile dawa?"

Nikajibu, "Nimeziacha mama, na maumivu yamekwisha."

Sikumwambia kwamba nadhani maumivu yenyewe yaliletwa na dawa. Nilitaka anipende, basi.

Sasa sikieni. Mama mkwe naye anameza vidonge vya mafuta kama vyangu, pamoja na vya presha. Juzi nimekuta kikopo chake cha dawa amewekea mbegu za bamia. Ananiambia, "Aliyekuponya wewe hajanisahau mimi." Jumapili anataka nikatoe ushuhuda kanisani.

Nikikaa kimya, hatameza. Nikisema dawa ndizo zilizoniumiza miguu, ataziita sumu na ndiyo hatazigusa kabisa, ingawa yeye hazijawahi kumuuma popote. Nikimwambia mume wangu, atajua kilichoko chini ya mgomba, na mama yake atajua machozi yake niliyapokea kwa uongo. Na mimi mwenyewe nalala kila siku nikiogopa kuamka mdomo umepinda.

Leo asubuhi nilipomwamkia, aliitikia huku anasugua mkono wa kushoto. Anasema aliulalia vibaya. Wangu ulianza hivyohivyo.

Nishaurini, nifanye nini? Najua lazima nimwambie leo. Nimwambie nikiwa nimepiga magoti, au nimesimama?