Mkono wa Kushoto wa Baba

Baba alikuwa na bucha Mitwero, na mkono wake wa kulia tuliujua wote nyumbani: ng'ombe kwa kisu, mama kwa kofi, mimi kwa ngumi. Hata nilipoachika na kurudi kwetu nikiwa mtu mzima, ngumi ndiyo iliyonipokea. Basi asubuhi ile alipoanguka buchani, mdomo umekwenda upande na mkono ule unaning'inia, sitasema uongo: nilichohisi kwanza ni ahueni.

Mama alitaka hospitali. Baba mdogo akasimama mlangoni na panga.

"Mtu wa kiharusi hapigwi sindano, shemeji! Mkimpiga sindano tu, mmemwua."

Mtaa mzima uliamini hivyo, na mimi niliamini. Nikasaidia kumpakia kwenye pikapu ya mnunuzi wa korosho, maana enzi hizo za ruksa, biashara ilipoachiwa watu binafsi, wanunuzi walijaa barabarani, tukampeleka kwa mganga kule Rondo.

Mganga alimchanja chale kuanzia begani hadi kiganjani, akasugua dawa kwenye damu. Kila asubuhi wasaidizi wawili walimkalia baba kifuani, mganga akauvuta mkono na kuuchapa fimbo ili uamke. Baba hakuwa na maneno tena, alikuwa na mayowe tu. Siku ya tisa bega likatoa mlio. Nikamrukia yule mganga, nikamng'ata mpaka damu yake ikaniingia mdomoni.

Hospitalini Lindi daktari hakututukana. Alisema bega limeteguka, na kwamba angeletwa mapema, mkono ungezoeshwa kwa mazoezi, pengine ungeshika hata kijiko. Sasa tumfundishe kutumia wa kushoto. Kisha akampiga sindano ya maumivu, na baba hakufa. Baba mdogo akatoka nje.

Nyumbani baba akagoma kula. Mkono wa kushoto ni wa chooni. Mtu aliyepiga bismillahi juu ya kila ng'ombe angeutiaje mdomoni? Kulishwa na mke pia hakutaka. Alilipiga bakuli teke, uji wa moto ukamwunguza mama shingoni. Akakonda, mbavu zikahesabika. Siku moja nikamzaba kofi, baba yangu mzazi.

"Kula, au ufe tukuzike!"

Mama akanichapa kwa mwiko mpaka ukavunjika. Sikujikinga, maana nilistahili. Baba alitutazama, machozi yakimtoka, na chakula hakukigusa.

Siku ya Idi baba mdogo alileta wageni wanne barazani. Sinia la pilau likawekwa. Baba akajikokota na mkongojo wake, akakaa kati yao, nami nikawanawisha. Kwa baba nilisita. Akanitolea mkono wa kushoto, nikaumwagia maji.

Akautia kwenye pilau. Mikono yote mitano ikajiondoa siniani kwa pamoja. Nilishika jagi kwa nguvu. Nilijua akiurudisha ule mkono leo, hatakula nao tena, na hatutafika naye Idi ya pili.

Baba akameza tonge. Akawatazama mmoja mmoja, wa mwisho mdogo wake. Kisha akauingiza tena mkono, akala, wali ukimwagika upande wa mdomo uliolegea, akala peke yake mpaka akashiba, na wale watano wamekaa na njaa yao.