Martina na Visiki vya Mlichi

Mtu wa Makete haogopi baridi, na Martina Sanga alikuwa na haki ya kulisema hilo kwa sauti. Kazaliwa kwenye umande unaoganda majanini, kakua akichanja kuni kabla ya kwenda shule. Ila baridi ya Guangzhou, huku Uchina, jamani, hiyo ni nyingine. Haigandishi kitu. Inakuja na mvua nyembamba, inaingia ukutani, inaingia godoroni, inaingia mpaka kwenye mbavu za mtu. Na nyumba za huku hazina kitu cha kupasha joto, maana eti huku ni kusini, hakuna baridi. Nani kasema? Waje walale wao.

Martina na mumewe Thadeo ni watu wa nguo. Wananunua kwenye maduka ya jumla ya barabara ya Guangyuan Xilu, wanafunga marobota, wanatuma Dar. Wamepanga nyumba ya zamani ya matofali kijijini Conghua, mbali, ukitoka mjini ni metro na kisha basi, kwa sababu kule kodi ni nafuu na kuna chumba cha mizigo. Mwenye nyumba ni mzee Luo, aliyefiwa na mke, mwenye shamba la milichi, miti ya matunda ya lichi, kilimani. Kijijini pale bado wapo wanaopikia kuni, kwa hiyo Martina alipofunga jiko la chuma lenye bomba la moshi, alilolipata kwa wauza vyuma chakavu, hakuna aliyeshangaa.

Kosa alilifanya kwenye kuni zenyewe, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine ila mfanyabiashara. Baridi ya kwanza alikusanya paleti za bure, zile fremu za mbao za kupangia mizigo, kwenye stoo ya wakala wa mizigo. Zilikuwepo za kila aina, naye akachagua zenye mhuri tu. Kwake mhuri ni kila kitu: paleti isiyo na mhuri, mzigo unakwama bandarini, yenye mhuri ni safi, haina maneno. Akazikata, akawasha, akajipongeza. Kumbe herufi za kwenye mhuri zina maana zake! Nyingine ni mbao iliyopashwa moto tu, nyingine ni mbao iliyofukizwa sumu ya wadudu. Mama wa watu alikuwa anamfukizia mumewe sumu, na huku anamwambia, "Sogea karibu, upate joto."

Thadeo alilazwa siku tisa kwa nimonia. Daktari akasema ni moshi mbaya juu ya unyevunyevu.

"Mama Goodness," Thadeo alimwambia siku aliyotoka, akimwita kwa jina la binti yao anayesoma Njombe, "sikulaumu. Lakini baridi ijayo nikikohoa hivi tena, mimi narudi Makete. Wewe ukitaka, baki na biashara."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Martina. Mtu akifoka, unangoja apoe. Huyu alikuwa ameshapoa. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na sasa kila kitu kilikuwa kinaning'inia kwenye kifua cha mume wake. Alimpenda yule mwanamume, basi, hakuna la kuficha.

Julai, mavuno ya lichi yalipoisha, mzee Luo akaanza kupogoa miti yake na kung'oa ile iliyozeeka. Magogo manyoofu yananunuliwa na wachoma bata bukini, kwa kuwa moshi wa mlichi unanukia vizuri. Visiki na matawi yaliyopinda hayana mteja.

"Laoban," Martina akamwita, yaani bosi, kama wanavyoitana sokoni. "Haya yaliyopinda unayafanyia nini?"

"Hayana kazi," mzee akasema. "Shoka haliingii."

"Nipe mimi. Nitakusaidia kukata na kushusha."

"Wewe?" Mzee Luo akacheka mpaka akashika kiuno.

Acha acheke. Jumatatu, siku asiyokuwa na mzigo wa kufunga, Martina akajifunga kanga kiunoni juu ya suruali, akasimamisha kisiki, akakipiga katikati. Shoka likaruka likarudi. Akapiga tena, likarudi tena. Majirani waliokuja kutazama wakaguna, na mzee Luo akasema ndiyo hivyo, alishamwambia.

Martina akashusha shoka, akakizunguka kile kisiki polepole. Hapo ndipo alipoukumbuka mkono wa mama yake ulivyokuwa ukichanja kuni kule Makete. Kisiki chenye vifundo hakianzwi katikati. Kinamegwa pembeni, kama ugali wa moto. Akapiga ukingoni. Paa! Kipande kikatoka. Akazunguka, paa! Kingine. Kufika adhuhuri visiki vinne vilikuwa vimelala chini, na mzee Luo ameacha kucheka, ameleta chai.

Akaendelea hivyo Jumatatu sita, akichanja mbao ingali mbichi, kabla haijakaza. Akazipanga kuni nje juu ya mawe, zisiguse ardhi, akaweka bati juu na kuacha pembeni wazi. Jirani mmoja akamshauri afunike kwa turubai. "Ukizivika koti zitatoka jasho," Martina akamjibu. Mchumia juani hulia kivulini. Upepo mkavu wa Oktoba ukapita katikati ya kuni, na Desemba alipogonganisha vipande viwili vikalia kwa! kwa! Vimekauka.

Januari baridi ikashuka. Nyuzi nne, mvua siku saba mfululizo. Najat, rafiki yao wa Zanzibar mwenye ofisi kwenye jengo la Tianxiu mjini, akapiga simu. "Shoga, huku tunalala na makoti! Nyie mko hai?"

"Sisi tumevaa fulana," Martina akamjibu, na ilikuwa kweli. Moto uliwaka bila moshi, dirisha likiachwa wazi kidogo, na siku ya tatu ukuta ukaacha kutoa maji. Lakini Martina hakushangilia. Alikuwa anasikiliza kifua tu. Kila Thadeo akivuta pumzi, naye anavuta.

Siku ya tano, wakiwa mezani, Thadeo akakohoa. Akakohoa tena, mkono kifuani, machozi yakimtoka. Kijiko kikamponyoka Martina.

"Baba Goodness!"

"Pilipili," Thadeo akasema kwa shida. "Mama, hii mboga umeipa pilipili ya kuulia mtu."

Martina akacheka huku analia, au akalia huku anacheka, mwenyewe hajui.

Siku ya saba mvua ikakatika. Thadeo akatoka nje peke yake, akalizunguka lile rundo la kuni, akagonga kipande hapa na pale. Akarudi ndani akipangusa miguu.

"Zimebaki nusu," akasema. "Mwakani tumwombe mzee Luo na ule upande wa pili wa kilima. Na mimi uninunulie shoka langu."

Mwakani! Martina akapiga vigelegele peke yake jikoni, mpaka mzee Luo akatoka mbio kuja kuuliza kuna harusi gani.