Chaguo la Tatu la Sabra

Kuluthumu alikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa, na hakukumbuka siku aliyopendwa. Abubakari alimwoa kwa sababu mashamba ya baba zao yalipakana huko Kondoa. Alipomleta Hamida, mke mdogo mwenye kicheko, mtaa mzima ukampenda Hamida. Kuluthumu akazitupa sufuria za Hamida barabarani, na tangu hapo mbaya akawa yeye. Akakimbilia Kibaigwa kwa Munira, binti wa kaka yake, akapata kazi ya kupepeta mahindi sokoni. Jana Abubakari alimpigia: Ijumaa anakuja kumchukua, akamwombe Hamida radhi mbele ya wazee, yaishe.

Asubuhi ya leo wanawake walipepeta huku Munira akiwasomea hadithi ya kwenye simu, ile ambayo msomaji huchagua kitakachofuata. Anayekubali huinua ungo. Mbaya wa hadithi ni Sabra, mke asiyependwa wa tajiri, hasimu wa msichana mpole aitwaye Leila.

"Moja, Sabra amtilie Leila sumu kwenye juisi," Munira alisoma. "Mbili, ampigie mumewe magoti. Tatu, avue pete aende zake."

Nyungo sita zikainuka kwa sumu.

"Hiyo ya tatu mbona hamuitaki?" Kuluthumu aliuliza.

"Akiondoka, nani atatutia hasira?" alisema Ruthu, mpepetaji mwenzake na mtani wake. "Nyie Warangi kwa kuharibu shughuli!"

"Nyamaza, Mgogo wewe, ungo wako una mawe kuliko mahindi. Munira, bonyeza tatu."

"Shangazi, wamekushinda."

"Bonyeza, mwanangu. Huyu mama amechoka."

Munira akamtazama, kisha akabonyeza. Sabra akaiacha pete mezani, akatoka na begi lake. Leila akaolewa. Sabra hakutajwa tena.

"Umeona? Wameshamsahau," Ruthu alinung'unika.

"Na hakuna wa kumwamsha amuulize chumvi iko wapi," Kuluthumu alisema, akashangaa kujisikia anacheka.

Akamwomba Munira ampigie Abubakari.

"Ijumaa usije," alimwambia. "Hamida nilimkosea sufuria zake, nitamwomba radhi mwenyewe. Wewe nenda kwa shehe, uniandikie talaka."

Abubakari aliuliza kama ana hakika. Hakuuliza kwa nini. Miaka kumi na tisa, na hakuuliza kwa nini.

"Nina hakika."

Akarudisha simu, akajaza ungo, akaurusha juu.

"Mrangi, leo unapepeta kama bibi harusi," Ruthu alisema.

"Funga mdomo, vumbi litakuingia."