Mshahara wa Mwenye Mume

Ofisi yetu iko Makupa, ghorofani, juu ya duka la spea za malori. Kazi yetu ni kuwatolea watu mizigo yao bandarini: kujaza fomu za forodha kwenye kompyuta, kuwabembeleza maafisa kwa simu, na kutukanwa na wenye kontena zilizochelewa. Meza yangu iko dirishani. Meza ya pili ni ya kijana wa bara anayekaa Ganjoni, mpole, ambaye nilimfundisha kazi mwenyewe alipokuja. Tunajaza fomu zilezile na kutukanwa matusi yaleyale.

Mshahara wake niliujua kwa kinywa chake. Tulikuwa tunakula viazi karai asubuhi, akanung'unika kwamba hapati kitu, akataja na kiasi. Niliacha kula. Hicho alichokiita si kitu kilikuwa karibu mara mbili ya changu. Nilimwambia avute subira, nikarudi mezani, na kwa hasira nikawa sioni hata kilichoandikwa kwenye kompyuta.

Mwenye ofisi ni mzee wa rika la baba yangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, na sote twamwita Ami. Lazima niseme ukweli: si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumzika. Hajapata kuchelewesha mshahara wala kunipandishia sauti. Nilipomwuliza kwa nini mimi na kijana tumetofautiana hivyo, hakukasirika. Alinionea huruma kwa kutojua.

"Mwanangu, mimi hutizama mzigo wa mtu," alisema. "Huyu yuataka kuoa. Mahari, nyumba, fanicha, yote yamngoja yeye. Weye una mume, alhamdulillahi. Chako ni cha poda na wanja."

Poda na wanja! Pesa hizo ndizo zilizolipa karo ya binti yetu, na umeme, na unga. Mume wangu alikuwa fundi wa mafriji, na wateja wake wengi walimlipa ahadi. Alichomudu ni kodi ya nyumba tu, pale Mji wa Kale. Lakini nilirudi kwenye fomu zangu. Nilijiambia kwamba Ami, hata akikosea, ana kanuni anayoifuata.

Mwaka jana mume wangu akafa. Presha, asubuhi moja, kabla hajamaliza kuvaa viatu.

Ami alitoa sanda, akatuma mchele wa matanga, na muda wote wa eda, nilipokaa ndani, mshahara wangu ulikuja bila kukatwa. Nilimshukuru na namshukuru mpaka leo. Lakini humo ndani, katikati ya kulia, kulikuwa na jambo nililokuwa nikiliwaza na kulionea aibu. Sasa mume sina, na Ami ni mtu wa kanuni. Nikilipwa sawa na kijana, nitaiweza kodi, na mimi na binti yangu tutabaki katika nyumba tuliyoishi na babake. Nilihisi kana kwamba marehemu ameniachia urithi.

Nilipomaliza eda nikamwendea. Alinisikiliza kichwa chini.

"Ami, mume sina tena. Mzigo wote umeniangukia mimi."

"Najua, mwanangu. Mungu amrehemu. Lakini ndugu zako wa kiume si wako hai?"

"Wako hai, Ami."

"Basi weye uko mikononi mwao. Siwezi kuwavunjia heshima."

Ndugu zangu! Mmoja anaendesha tuktuk ya mtu, mwingine hukopa kwangu. Siku hiyo nilielewa kwamba hata wao wakifa, atatafutwa binamu, atatafutwa mkwe. Daima patakuwa na mwanamume mahali fulani anayeula mshahara wangu bila mwenyewe kujua. Na kijana, kwa taarifa yenu, hajaoa mpaka leo. Mahari ya bibi asiyejulikana inalipwa kila mwisho wa mwezi.

Tulihama kabla ya Ramadhani, tukaingia chumba kimoja Majengo, choo cha kushirikiana. Binti yangu alikataa katakata tuviuze vifaa vya kazi vya babake. Viko chini ya kitanda chetu.

Kila kumi la mwisho la Ramadhani, Ami hutoa zaka pale ofisini. Wajane hujaa kwenye ngazi, na mimi ndiye huwapanga na kuwaingiza mmoja mmoja. Mwaka huu, kabla sijamwita wa kwanza, aliniita mimi. Alirudisha mlango taratibu ili nisiaibike. Mezani palikuwa na bahasha, mfuko wa mchele, mafuta na tende.

"Chukua, mwanangu. Hii ni haki yako. Weye sasa ni mjane."

Bahasha ilikuwa nene. Nilitaka kuisukuma irudi alikokaa, nimwambie haki yangu naijua na si hii. Lakini kodi ya Majengo ilikuwa imeshapita tarehe. Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Niombee dua," akasema, kama anavyowaambia wote.

Nikainua mikono, nikamwomba Mungu amzidishie. Kisha nikasukuma mfuko wa mchele chini ya meza yangu, nikatoka kwenda kuwapanga wajane wenzangu kwenye ngazi.