Mpagazi wa Bombomu

Mwalimu mmoja aliingia saluni kwetu Chamwino kununua rangi ya kucha ya kuwapaka askari wake wa mchezo wa vita wa mezani, wadogo kama kidole, wa vita ya Wajerumani na Waingereza. Aliwatoa koponi; watatu walikuwa wamezunguka bombomu, bunduki nzito ya rashasha. Mama mkwe wa bosi wangu, anayeshinda hapo, akanyoosha shingo.

“Mwanangu, nani kaibeba hiyo bunduki?”

“Wapagazi, bibi. Mchezoni hatuwaweki.”

“Babu yangu alibeba, hakurudi. Na wewe humweki?”

Mwalimu akawarudisha askari koponi, akaondoka. Jumamosi alirudi na mtu wa udongo, mzigo kichwani.

“Shikamoo bibi. Sasa huyu akianguka, bombomu haisogei.”

Bibi akamgeuzageuza kiganjani. “Maji yake yako wapi? Ugogo huku, nchi kavu!”

Shule niliiacha kidato cha pili, lakini kibuyu cha maji alichoongezewa mpagazi yule nilikipaka rangi mimi.